Ng'ombe Wangu Wanane na Digrii ya Melkizedeki

Watu wa Issuna wakitaka kunisema kwa adabu husema, "Yule Febronia ni dada yake mhandisi, lakini..." Halafu wananyamaza. Basi mimi namalizia mwenyewe, sina haya. Lakini alisimama mbele ya kijiji kizima akamwekea mdogo wake pingamizi asiende chuo kikuu. Ndiyo, nilisimama! Na ningesimama tena kesho asubuhi kabla hata sijanywa uji.

Wanaosema hivyo hawakuwepo, au walikuwepo wakaziba masikio. Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Niliolewa mwaka sitini na sita na Nathanaeli, nikiwa na miaka kumi na saba. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe wanane, na baba yangu, mzee Mughwai, aliwapokea huku akicheka hadi magego yanaonekana. Mwaka huohuo mdogo wangu Melkizedeki alimaliza shule ya kati, akakosa nafasi sekondari ya serikali. Nafasi zilikuwa chache, si kwamba alikuwa mjinga. Baba akasema mtoto wa kiume hawezi kuishia kuchunga, akampeleka shule ya kulipia huko Dodoma. Kila Januari, kwa miaka minne, ng'ombe wangu wawili walikwenda mnadani ili Melkizedeki apate karo, godoro, viatu na nauli. Wawili mara nne ni wanane. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la nne naiweza.

Wakati huo sikununa, nilijivuna. Nilikuwa nikienda kisimani nawaambia wenzangu, mdogo wangu anasoma Kiingereza kwa ng'ombe zangu. Wakacheka, nami nikacheka. Ujinga wa ujana, mtu anakuchuna ngozi na wewe unamshikia kisu.

Nathanaeli alinivunja mkono mwaka sabini. Sababu ilikuwa ugali uliopoa, lakini asingekosa sababu nyingine. Alikuwa mtu wa kunywa na kupiga, tena alipiga kwa mpangilio, mtu mzima anayejua wapi pataonekana na wapi hapataonekana. Siku ya mkono alikosea. Nikambeba mwanangu Elina mgongoni, ana miaka mitatu, mkono nimeufunga na kanga, nikaenda kwa baba.

Baba alinitazama mkono. Akanywa maji. Kisha akasema, "Mwanangu, nitamrudishia nini Nathanaeli? Zizi hilo hapo, tazama mwenyewe. Hamna hata mkia." Ni kweli zizi lilikuwa jeupe. Na desturi yetu mnaijua: mke akiondoka, ng'ombe wanarudi. Wakirudi wote, mama yuko huru na mtoto anaweza kwenda naye. Wasiporudi, mama ni mke wa watu hata akalale wapi, na mtoto ni wa boma la baba yake. Mkono ulipopona baba alinirudisha mwenyewe kwa Nathanaeli, na mbuzi mmoja wa kuomba radhi. Niombewe radhi mimi niliyevunjwa! Nikikumbuka hilo hadi leo nasikia mate machungu.

Nilivumilia miaka minne mingine. Ikaja Operesheni, tukahamishwa wote kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari mistari kama mahindi ya bwana shamba. Katika purukushani hiyo ya kubeba vyungu na milango nikabeba vyangu, badala ya kwenda mstari wa Nathanaeli nikaenda mstari wa baba. Safari hii nilimwambia baba hata aje na polisi sirudi. Lakini Elina alibaki kwa baba yake, maana ng'ombe walikuwa hawajarudi. Na hapo ndipo Operesheni iliponitesa. Zamani maboma yetu yalikuwa mbalimbali, nisingemwona. Sasa nyumba ya Nathanaeli ilikuwa mstari wa tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi mwanangu alipita na ndoo kichwani hatua ishirini kutoka mlangoni pangu, ameamriwa asinisalimie. Alikuwa anapita ameinama. Mtoto wa miaka saba, anapita kwa mama yake kama anapita kwa mchawi.

Mwaka huohuo Melkizedeki alimaliza chuo cha ufundi Dar es Salaam, akaajiriwa karakana ya reli pale Itigi. Fundi sanifu, mshahara shilingi mia nane kwa mwezi. Alikuja nyumbani amevaa suruali ya pindo, akanipa shikamoo vizuri, akaapa mbele ya baba na mbele ya jirani yetu Luciana: "Dada, dawa ya deni kulipa. Nipe miaka miwili. Ng'ombe wako nitamrudishia Nathanaeli mmoja mmoja mpaka waishe, nawe utamchukua Elina." Nililia. Luciana akapiga vigelegele.

Mwaka wa kwanza alileta ng'ombe wawili. Nathanaeli akawapokea, akafunga mafundo mawili kwenye kamba mbele ya mashahidi. Wakabaki sita. Mwaka wa pili haukuja hata mkia. Barua zilikuja: vumilieni, mambo ni magumu, kuna semina, kuna hiki na kile. Mimi nikavumilia, nikalima shamba la kijiji na langu, nikamwangalia Elina akipita.

Sabini na sita, mwezi wa nne, akashuka kwenye lori la chumvi. Ameleta mkate, sabuni mbili na karatasi. Karatasi hiyo ndiyo iliyoniwasha moto.

Aliitandaza mezani baada ya chakula, baba yupo, mimi nipo. Alisema chuo kikuu sasa wanafundisha uhandisi hapahapa nchini, na siku hizi hawachukui tu vijana waliotoka shule, wanachukua na watu walioko kazini, mradi wapendekezwe. Yeye alitaka kwenda kusomea uhandisi wa mitambo, miaka minne. Serikali italipa masomo na kumpa posho kidogo, mshahara utasimama, na akimaliza atafungwa mkataba wa kuitumikia serikali miaka mitano.

"Nimepiga hesabu," akasema, akaweka kidole kwenye karatasi. "Fundi sanifu mia nane. Mhandisi anaanza elfu moja na mia mbili. Tofauti ni mia nne kila mwezi. Kwa miaka minne ya masomo nitapoteza mshahara wa miezi arobaini na minane, yaani elfu thelathini na nane na mia nne. Kwa tofauti ya mia nne nitazirudisha kwa miaka minane. Baada ya hapo ni faida tupu mpaka kustaafu. Halafu mhandisi anapanda cheo, fundi sanifu anagota."

Baba alikuwa anatikisa kichwa kama anasikiliza misa. Mimi niliivuta ile karatasi. Niliisoma polepole, maana kusoma kwangu ni kwa kuvuta. Kulikuwa na nauli. Kulikuwa na vifaa vya kuchorea. Kulikuwa na viatu jozi mbili kwa mwaka. Kulikuwa na shilingi elfu moja na mia tisa zilizoko Posta, ameandika "akiba ya masomo". Nikageuza nyuma. Tupu.

"Meki," nikasema, "ng'ombe wangu sita wako mstari gani?"

Akakohoa. "Hao, dada, ni mambo ya ukoo. Hayaingii kwenye hesabu hii. Nikimaliza nitalipa hata kumi."

"Ukimaliza lini?"

"Miaka minne."

"Elina atakuwa na miaka kumi na tatu."

"Si atakuwa bado mtoto?"

Bado mtoto! Nathanaeli alikuwa ameshaanza kusema kilabuni kwamba binti yake akimaliza darasa la saba atamwoza, yeye atapata ng'ombe zake, hana shida na za Mughwai. Kijiji kizima kilisikia. Melkizedeki alisikia vilevile, Luciana alimwambia siku ileile alipofika.

Nikamwambia, "Ng'ombe mmoja leo ni shilingi mia nne. Sita ni elfu mbili na mia nne. Hiyo ni mishahara yako mitatu. Mitatu tu, Meki! Umekaa Itigi miaka miwili unakula, unavaa, unaweka Posta elfu moja na mia tisa, na mwanangu ni mishahara mitatu."

Baba akadakia, "Febronia, punguza sauti. Akiba ile isiguswe. Ukoo wetu haujawahi kuwa na mhandisi."

"Haujawahi kuwa na mhandisi, na mimi je, ukoo huo ulishawahi kuwa nami?" Nikaondoka nikaenda kulala kwa Luciana, maana ningekaa pale ningemrushia mtu kinu.

Sasa sikilizeni kilichonipa mimi nafasi. Kazini kwake walimtaka alete barua ya tawi la TANU la nyumbani, kwamba mwombaji ni mtu mwenye tabia njema, anayefuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Melkizedeki aliona hilo ni jambo la nusu saa. Mwenyekiti Gaspari alikuwa amekwisha sema, "Kijana wetu huyo, tutapiga makofi, tutagonga muhuri."

Jumapili baada ya misa tukakusanyika mbele ya ghala la kijiji. Wakaanza na mbegu za mtama, wakaja kwenye choo cha shule, kisha Mwenyekiti akamsimamisha Melkizedeki. Kijana akaongea vizuri, sikatai. Alisema taifa linajenga viwanda, reli zinahitaji wahandisi wazalendo, yeye yuko tayari kujitolea. Makofi. Baba yangu alikaa mbele, kofia mapajani.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye neno?" Ni swali la desturi tu, tayari alikuwa anatafuta kalamu.

"Mimi ninalo," nikasema, nikasimama.

Haikuwa rahisi, nisidanganye. Mwanamke kumpinga mdogo wake mbele za watu, na baba yake yupo! Lakini nilimwona Nathanaeli amekaa ukingoni anachokonoa meno, na nyuma yake Elina amebeba kigoda cha baba yake. Basi nikafungua mdomo.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "kila Jumatano mnatufundisha hapa kwamba mnyonyaji ni mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake. Mmetuambia ni kupe. Nimeelewa vizuri au sikuelewa?"

"Umeelewa, ndugu Febronia."

"Basi huyu Melkizedeki amesoma miaka minne kwa ng'ombe wanane walioletwa kwa ajili yangu. Nimevunjwa mkono kwa sababu ya ng'ombe hao, nikarudishwa kwa mvunjaji kwa sababu ya ng'ombe hao. Mtoto wangu yule pale hanipi shikamoo kwa sababu ya ng'ombe hao. Ameahidi kulipa, analipa wawili, anaacha sita, anaweka pesa Posta, sasa anataka mseme ni mtu wa Ujamaa. Mkisema hivyo, Jumatano msiniite tena kwenye darasa lenu."

Ghasia! Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mambo ya mahari si mambo ya chama! Kaa chini, mwanamke!"

"Mahari ilikula nyasi za kijiji hiki ikalipa karo ya mtu mnayetaka kumgongea muhuri!" nikamjibu. "Ingekuwa ng'ombe zako, mzee, ungekaa chini?"

Luciana akasimama na mkongojo wake. "Mimi nilikuwepo alipoapa," akasema. "Nilipiga vigelegele. Naomba vigelegele vyangu nirudishiwe." Hapo hata Mwenyekiti alicheka.

Melkizedeki alinigeukia, sauti imekwisha. "Dada, maombi yanafungwa baada ya siku kumi na mbili. Unaniua."

"Siku kumi na mbili zinatosha kuswaga ng'ombe sita," nikasema.

Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwisho Mwenyekiti Gaspari, ambaye hakupenda ugomvi ila alipenda sana kuitwa mtu wa haki, akaamua: barua itaandikwa, lakini muhuri hautagongwa mpaka Nathanaeli aseme mbele ya tawi kwamba amepokea ng'ombe sita. Nathanaeli alipoulizwa akasema yeye akipata ng'ombe zake wote wanane hana neno, mke aende na mtoto aende. Aliisema kwa kejeli, alijua hatuna.

Nilimtazama Melkizedeki. Nilitegemea aseme, basi kesho nakwenda Posta, nyingine nitakopa kazini. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi ndani yangu nikaanza kuogopa, nikasema Febronia, umeharibu, umekosa mtoto na sasa umekosa na ndugu.

Ndipo baba akasimama. Alivaa kofia yake, akaivua tena. "Akiba ya mwanangu isiguswe," akasema. "Nipeni mpaka Ijumaa. Ng'ombe watakuwepo."

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, Mungu anisamehe. Niliwaza mzee amekwenda kukopa, amejidhalilisha kwa ajili yangu, pengine moyo umemgeuka. Usiku nilimpelekea maji ya kuoga ya moto na sikumsemesha vibaya.

Alhamisi mchana nikasikia kengele za ng'ombe zinakuja upande wa barabara. Walikuwa sita, wanene, ngozi inang'aa, na nyuma yao mwanamume mrefu ambaye sikuwahi kumwona, miguu imejaa vumbi jekundu. Baba alimkumbatia, akaniita. "Huyu ni rafiki yangu Naftali, ametoka Iramba. Ametembea siku tatu. Msalimie."

Nikapiga goti, nikampa shikamoo, nikamletea togwa. Mtu mwema kabisa yule Naftali, hana hila hata kidogo. Nikamwambia, "Baba, Mungu akulipe kwa kutukopesha."

Akacheka. "Kukopesha wapi, mwanangu? Hawa ni mali ya baba yako. Mimi ni mchungaji tu. Aliniwekesha wanne, sasa wako kumi na mmoja. Nimemletea sita."

Nilikuwa nimeshika kibuyu. Nikakiweka chini polepole. Kuwekesha ng'ombe kwa rafiki wa mbali si jambo la ajabu kwetu, kila mfugaji anajua: ugonjwa ukiingia huku, wale wamepona. Lakini nikauliza, "Aliwaweka lini, baba?"

"Eee... mwaka ule wewe ulipoolewa. Ng'ombe zako walipoingia zizini, yeye akaleta wake kwangu, akasema asiwachanganye, hawa ni wa kumwolea Melkizedeki mke. Hata Melkizedeki mwenyewe anawajua. Likizo alikuwa anafika kwangu anakunywa maziwa yao wiki nzima." Akamwangalia kwa mapenzi. "Si ndiyo, mhandisi?"

Melkizedeki alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umejibu.

Nilihesabu kichwani, hesabu yangu ya darasa la nne. Sitini na sita. Mkono umevunjwa sabini. Ng'ombe walikuwa Iramba wananenepa, wanazaa, na mdogo wangu anakunywa maziwa, na mimi narudishwa kwa Nathanaeli na mbuzi wa kuomba radhi. Elina anapita na ndoo miaka miwili. Na wako kumi na mmoja!

"Baba," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, nilishangaa mwenyewe. "Meki alipotaka digrii, ng'ombe wametembea siku tatu. Mimi nilipokuja na mfupa umechomoza, ulisema hamna hata mkia."

Naftali akaacha kunywa. Masikini, alielewa wakati huo huo.

Baba yangu hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinijibu kwa upole, kama anamweleza mtoto jambo jepesi. "Febronia, wewe ulikuwa na mume. Mwenzako alikuwa hana kitu. Ningewagusa hao, yeye angeoa kwa nini?"

Melkizedeki akasogea. "Dada, mimi nilikuwa mtoto. Sikujua niseme nini."

"Juzi ulipotandaza karatasi ulikuwa mtoto?" nikamuuliza.

Nilichukua fimbo mkononi mwa Naftali, nikamwomba radhi kwa kumkatiza togwa yake. Baba akasema ngoja tuwaite wazee, ng'ombe hawapelekwi na mwanamke, ni aibu. Nikamwambia aibu hiyo aiwekeshe Iramba. Nikawaswaga mwenyewe, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wametoka milangoni, mpaka uani kwa Nathanaeli. Nikamwita Mwenyekiti Gaspari ashuhudie. Nathanaeli aliwahesabu mara mbili, akatafuta kilema, akakosa. Akafunga fundo la nane.

Elina alikuwa anachambua mtama. Nikamwambia njoo. Alimtazama baba yake kwanza, ndipo akaniangalia. Miaka kumi karibu, na hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa kunisalimia. "Shikamoo, mama," akasema hatimaye, kwa kunong'ona, akanifuata.

Muhuri uligongwa Ijumaa. Melkizedeki alikwenda, akasoma, akawa mhandisi, na hesabu yake nasikia ilitimia sawasawa.